Kila Unapoondoa Kutu, Unaondoa Chuma

Mhadhara kwa wakulima, mafundi, walimu na wanafunzi wa Kata ya Namswea, Wilaya ya Mbinga

  

 Huenda yupo anayejiuliza kama kutu inastahili mhadhara. Namwomba atazame mali aliyonayo nyumbani: jembe linalochimba mashimo ya ngoro, shoka, panga, mundu, mashine ya kumenyea kahawa, baiskeli, pikipiki, bati lililo juu ya kichwa chake. Ukiacha shamba na mifugo, sehemu kubwa ya mali ya mkulima wa Mbinga ni chuma. Na chuma hicho kinaliwa masika hadi masika, huku mwenyewe akiona ni jambo la kawaida.

Lengo langu leo ni kulinganisha njia tunazotumia nyumbani kuondoa kutu na zile zinazouzwa madukani au kufanyika karakanani, ili kila mmoja ajue ipi inafaa kwa chombo kipi. Nina hoja sita, na iliyo mama wa zote naitaja mapema: kila unapoondoa kutu, unaondoa chuma. Kwa hiyo njia bora ni ile inayopunguza chuma kidogo kuliko nyingine na kufuatiwa na kinga papo hapo. Kung'aa peke yake si kipimo.

Kabla sijaanza, tazameni hapa mezani. Mundu huu ulikuwa mwekundu kuanzia ncha hadi mpini. Umelala usiku kucha ndani ya siki. Nautoa, nausugua kwa kitambaa, nausuuza kwa maji ya kawaida. Mnaona umekuwa wa kijivu. Nauacha hapa juu ya karatasi, ukiwa na unyevu wake. Tutaurudia.

1. Kutu ni chuma chenyewe

Chuma hushika kutu kinapokutana na vitu viwili kwa pamoja: maji, na oksijeni iliyomo hewani. Kimoja kikikosekana, kazi hiyo husimama au hupungua sana. Vikikutana, chuma huungana na oksijeni na maji na kuwa unga mwekundu tunaoujua. Takriban theluthi mbili ya uzito wa unga huo ni chuma. Unapoukwangua kwenye jembe na kuupuliza, unachopuliza ni jembe lako.

Mtu ataniuliza, mbona sufuria ya aluminiamu haiozi hivyo? Nayo hushikwa na oksijeni, lakini utando unaojengeka juu yake ni mwembamba na umeshikamana, hivyo huifunga isiendelee kuliwa. Kutu ya chuma huvimba kupita nafasi ya chuma kilichokuwapo, hupasuka na kubanduka, na hunyonya maji kama sponji na kuyashikiza kwenye chuma kizima kilicho chini. Ndiyo maana kutu iliyoanza kwenye panga, ikiachwa, haiwezi kusimama yenyewe.

Wenzetu wa Mbamba Bay na Liuli wana nafuu moja: maji ya Ziwa Nyasa hayana chumvi, na kwa hiyo hayali chuma kwa kasi ya bahari ya Kilwa au Mtwara. Lakini huku tuna chumvi yetu tunayojiletea wenyewe, nayo ni mbolea. Jembe au toroli lililobeba mbolea ya dukani likawekwa bila kuoshwa huliwa haraka. Maji ya maganda ya kahawa nayo yakichacha huwa na asidi. Ongeza mvua za kuanzia Desemba hadi Aprili na ukungu wa milima yetu, na hapo kutu imepata kila inachohitaji.

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya mama zangu. Wengi tunaamini kwamba kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Pepopunda huletwa na bakteria wanaoishi kwenye udongo na kinyesi cha mifugo. Msumari mpya unaong'aa uliolala zizini una hatari hiyo hiyo. Aliyechomwa aoshe jeraha na aende zahanati akaulizie chanjo, msumari uwe na kutu au usiwe nayo.

2. Kukwangua ni njia ya kwanza, lakini ina kiasi chake

Njia ya kale kuliko zote ni kusugua: mchanga, majivu, jiwe, siku hizi msasa, stilwaya, brashi ya waya, na kwa mafundi wetu grainda. Faida yake ni kwamba haihitaji dawa, na kwa kutu nene inayobanduka hakuna njia inayoitangulia. Hata dawa ghali kuliko zote haitapenya magamba ya kutu. Lazima yakwanguliwe kwanza.

Kasoro zake ni mbili. Kwanza, kutu hutoboa vishimo vidogo, na msasa hupita juu ya vishimo hivyo. Utasugua hadi chuma kizima kilicho pembeni kiishe, na mbegu ya kutu itabaki chini. Pili, grainda haibagui. Inakula kutu na chuma kwa kasi moja, na kwenye makali huleta joto. Fundi akiona makali ya panga yamegeuka rangi ya buluu, ajue ameyaharibu: ugumu aliouweka mhunzi umeondoka, na panga hilo litapinda au litakuwa butu kila siku. Kwa zana zenye makali, tumieni mkono, msasa laini na mafuta ya taa kidogo. Grainda ibaki kwa mageti na fremu.

3. Asidi za jikoni zina nguvu kuliko tunavyodhani

Siki ya dukani ina takriban asilimia 5 ya asidi ya asetiki. Juisi ya limao ina kiasi kama hicho, au kinachozidi kidogo, cha asidi ya sitriki. Asidi hizi huyeyusha kutu hadi ndani ya vile vishimo ambavyo msasa haufiki. Kazi yao ni ya taratibu, nayo huchukua saa kadhaa au usiku mzima, kwa hiyo zinafaa vitu vidogo vinavyozama kabisa: mundu, nyundo, kufuli, bolti, koleo, vipuri vya baiskeli. Ukiacha nusu ya chombo nje ya siki, pale maji yanapokutana na hewa patachimbika mstari.

Mwenye zana nyingi asikamue malimao ya kijiji kizima. Unga wa asidi ya sitriki, ambao viwanda vya vyakula hutumia, huuzwa katika maduka ya mjini. Gramu 50 hadi 100 katika lita moja ya maji zinatosha. Hauna harufu kali ya siki na ni mwepisi kubeba.

Sasa sikilizeni upungufu wake, maana ndiko wengi tunakoharibu. Asidi ikimaliza kutu haisimami. Inageukia chuma. Chombo kilichosahauliwa ndani ya siki kwa wiki nzima hutoka kimekuwa cheusi na kimechakaa. Kwa hiyo kikague kila baada ya saa chache, kisugue kwa brashi, na kikiwa safi kitoe. Kisha kioshe kwa maji yenye magadi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita, ili kuua asidi iliyojificha. Halafu kikaushe kwa moto au jua kali.

Yako makatazo matatu. La kwanza, msichanganye kamwe siki au limao na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe yenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nayo huchoma mapafu. Dawa hiyo yenyewe wala haiondoi kutu, huichochea. La pili, msitumie maji ya betri ya gari. Ni asidi ya salfuriki, hupofusha macho na kuchoma ngozi, na tunao watoto majumbani. La tatu, msiweke siki wala limao kwenye bati la nyumba. Bati ni chuma kilichovikwa zinki, na zinki hiyo ndiyo inayoliwa badala ya chuma. Asidi huyeyusha zinki upesi kuliko inavyoyeyusha kutu. Utaondoa doa moja jekundu na kulivua bati shati lake, na mvua mbili zijazo zitakuonyesha matokeo. Majivu mabichi na chokaa nayo hula zinki, kwa hiyo yasirundikwe juu ya paa.

4. Dawa za dukani ni za namna tatu, na kila moja ina kazi yake

Dukani tunaambiwa tu "dawa ya kutu", kana kwamba ni kitu kimoja. Namna ya kwanza ni dawa ya kulegeza. Mfano unaojulikana duniani ni WD-40, iliyobuniwa San Diego, Marekani, mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji juu ya chuma. Hiyo inafaa nati iliyokwama, kufuli, na cheni iliyolowa. Huingia nyufani, hufukuza unyevu, na huacha utando mwembamba wa mafuta. Anayeipuliza kwenye kutu nene akitegemea iyeyuke anapoteza fedha zake.

Namna ya pili ni dawa ya kuyeyusha, ambayo mara nyingi huwa na asidi ya fosforiki. Inaizidi siki kwa mambo mawili. Viwanda vingi huiongezea kemikali inayoipunguza asidi kasi ya kushambulia chuma kizima. Tena asidi ya fosforiki huacha juu ya chuma utando wa kijivu ambao rangi hushika vizuri. Kwa geti, fremu ya pikipiki au tela linalokwenda kupakwa rangi, dawa hii ina thamani ya bei yake. Glavu na miwani ni lazima, na kazi ifanyike nje penye upepo. Vyombo vya chakula visiguswe nayo.

Namna ya tatu haiondoi kutu, huigeuza. Ndani yake mna tanini, ambayo ikikutana na kutu iliyoshikamana na chuma huifanya kuwa tabaka jeusi lisilofanya madhara ya kutu. Tanini si ngeni kwetu. Jirani zetu wa Njombe wameikamua kwenye magome ya miwati kwa miaka mingi, kupitia kampuni ya Tanganyika Wattle iliyoanzishwa mwaka 1949, kwa ajili ya kusindika ngozi. Dawa ya kugeuza ina faida kubwa kwa mtazamo wangu wa leo, kwa sababu chuma hakipungui. Inafaa mahali ambapo huwezi kuloweka wala kusugua hadi mwisho, kama kona za fremu za madirisha. Lakini magamba yatolewe kwanza, na juu yake rangi ipakwe. Ikiachwa peke yake juani na mvuani haidumu.

5. Njia za karakana: upepo wa mchanga, asidi kali na umeme

Penye karakana kubwa, matangi na mihimili husafishwa kwa kurushiwa chembe kwa upepo wa kompresa. Hakuna njia ya haraka kuliko hiyo kwa eneo kubwa, na rangi hushika juu ya chuma hicho kuliko juu ya chuma kilichosuguliwa kwa mkono. Lakini nawasihi mafundi vijana: msitumie mchanga wa mtoni. Mchanga ukipasuka hutoa vumbi la silika linalokaa kwenye mapafu na kuyafanya magumu, ugonjwa usiotibika. Uingereza ilikataza mchanga kwa kazi hii tangu mwaka 1950. Chembe za chuma na za mabaki ya viwandani zipo, na barakoa ya kitambaa haimwokoi mtu.

Viwanda pia hutumbukiza chuma katika asidi ya hidrokloriki. Ni kazi ya wenye mafunzo na vifaa. Springi na bolti ngumu zikikaa humo hunyonya haidrojeni na baadaye hukatika ghafla. Breki ya pikipiki ikitegemea springi ya namna hiyo, anayelipa ni abiria.

Njia ya umeme ndiyo ningependa kuiona katika shule zetu na karakana za vijiji. Unachukua ndoo ya plastiki, maji, magadi kidogo, na chaja ya betri ya volti 12. Chombo chenye kutu kinafungwa kwenye waya hasi, na kipande cha chuma chakavu kwenye waya chanya, visigusane. Umeme ukipita, kutu hulegea na kubanduka, na chombo chako hakiliwi. Kinacholiwa ni kile chakavu. Haichimbi chuma kizima hata ukiisahau usiku mmoja. Ila ifanyike nje, maana hutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Msitie chumvi ya mezani, itatoa klorini. Na chakavu kisiwe cha chuma kisichoshika kutu, kwa sababu kromiamu yake huyachafua maji kwa sumu.

6. Bila kinga, kazi yote ni bure

Sasa turudi kwenye ule mundu. Kijana wa mbele, uinue wenzako wauone. Tulipouweka ulikuwa wa kijivu. Tazameni rangi ya chungwa iliyoanza kuenea kuanzia pale penye unyevu. Hatujamaliza hata mhadhara. Chuma kilichotoka kwenye siki kiko uchi kabisa, na hewa ya ukumbi huu pamoja na matone machache ya maji vimetosha. Anayesafisha asubuhi na kupaka mafuta jioni ameshachelewa.

Mfano mkubwa wa kinga tunao nchini mwetu. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao ya Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika ili adui asiipate. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nene kila mahali. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, wakakuta mitambo yake inafaa kutengenezwa. Mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, nayo ikaendelea kubeba watu wa Kigoma kwa vizazi. Ilikaa miaka chini ya maji, na grisi ndiyo iliyoilinda. Jembe letu linaoza miezi mitano ya masika likiwa chini ya paa.

Kinga zetu ni rahisi. Kwa makali na zana za shamba, mafuta au nta ya nyuki ikipakwa chuma kikiwa na joto kidogo. Kwa nati na cheni, grisi. Kwa mageti na fremu, praima kisha rangi tabaka mbili. Kwa bati lenye doa, kwangua doa peke yake bila kuchuna zinki iliyo pembeni, paka praima inayofaa bati, kisha rangi. Na mabati mapya yasirundikwe yakiwa na maji katikati. Hushika kutu nyeupe kabla hayajapanda juu ya nyumba. Oili chafu ya gari, ambayo wengi wetu huipaka kila kitu, ina masizi, chembe za metali na viambata vinavyosababisha saratani. Isiguse chombo cha chakula wala mpini unaoshikwa kila siku.

Mfano wa kutumia hoja hizi

Tuchukue mashine ya kumenyea kahawa, maana msimu unakuja. Mwili wake ni chuma cha kusubu. Silinda yake mara nyingi huvikwa bati la shaba lenye meno. Shaba na chuma vikikaa pamoja ndani ya maji, chuma ndicho huliwa, na huliwa haraka zaidi pale vinapokutana. Kwa hiyo usiitumbukize mashine nzima kwenye siki, wala usilipake bati la shaba dawa ya asidi. Fungua silinda na iweke kando. Kwangua magamba kwenye mwili wa chuma kwa brashi ya waya. Bolti ziloweke katika asidi ya sitriki usiku mmoja, zisuuze kwa magadi, zikaushe. Mwili upake praima na rangi upande wa nje pekee. Upande unaoguswa na kahawa usafishwe, ukaushwe, upakwe mafuta ya kula kidogo sana. Beringi zipate grisi. Na kila jioni ya msimu maganda yaoshwe, yasilale ndani. Kuosha huko kwa kila jioni kunaokoa chuma kingi kuliko dawa yoyote ya dukani mwisho wa mwaka, na kunaokoa ladha ya kahawa pia, kwa kuwa punje zilizolala kwenye kutu na maji yaliyochacha hazipati daraja zuri.

Mapendekezo

Ndugu zangu, kati ya nyumbani na dukani sijampa mmoja ushindi. Vitu vidogo vinavyozama, asidi ya jikoni inatosha. Vitakavyopakwa rangi, dawa ya dukani inalipa. Pasipofikika, dawa ya tanini. Vya thamani ambavyo hutaki vipungue, umeme. Na vyote, kinga ndani ya saa ile ile.

Napendekeza mambo matatu kwa mwaka unaokuja. Kila chama cha ushirika kiwe na pipa moja la asidi ya sitriki, brashi, glavu na miwani, na kutenga siku moja kabla ya msimu na siku moja baada yake, wanachama walete zana zao. Asidi ikichoka ipozwe kwa magadi, imwagwe mbali na mto. Walimu wa sayansi wafundishe jaribio la ndoo na chaja, kwa kuwa ni kemia inayomrudishia mzazi jembe lake. Na vijana wetu wanaosoma vyuo vya ufundi vya VETA warudi na ujuzi wa kupaka praima na rangi kwa utaratibu wake, waufanye kazi ya kulipwa hapa hapa.

Ng'ambo ya mto Ruhuhu, huko Ludewa, milima ya Liganga ina madini ya chuma. Siku chuma hicho kitakapoanza kuyeyushwa, nchi itahitaji watu wanaojua kukitunza kama inavyohitaji wanaojua kukichimba. Namswea inaweza kuanza kuwaandaa watu hao msimu huu, kwa majembe na mashine tulizo nazo. Nimemaliza, nawakaribisha kwa maswali, na mwenye chombo chenye kutu akilete hapa mezani tukiamulie njia pamoja.